PCR, kipimo cha haraka au hadubini: kipi kinafaa kwa ugonjwa upi nchini Uganda

Mgonjwa anayeingia katika kliniki ya binafsi mjini Kampala, Mbale au Arua huweza kukuta kwamba ugonjwa mmoja una vipimo viwili au vitatu vyenye bei tofauti kabisa, na mhudumu wa dirishani hana nafasi ya kumweleza vinatofautianaje. Wengi huamua kwa mfuko. Aliye nazo huomba PCR, akiamini kwamba kilicho ghali ndicho bora, na asiye nazo huridhika na tone la damu la kidoleni. Wote wawili hawajauliza kipimo hicho kinatafuta kitu gani. Hadubini hukitafuta kimelea chenyewe kwa macho ya mpimaji. Kipimo cha haraka cha antijeni hutafuta protini ambayo kimelea kimeiacha katika damu au kamasi. Kipimo cha kingamwili hakitafuti kimelea hata kidogo, bali hutafuta dalili kwamba mwili umewahi kupambana nacho. PCR nayo hutafuta kipande cha DNA ya kimelea na kukinakili mara nyingi mpaka mashine iweze kukiona. Hivi ni vitu vinne, na kila kimoja hujitokeza mwilini na kutoweka kwa wakati wake, kwa hiyo majibu ya vipimo viwili juu ya mgonjwa mmoja yanaweza kupingana bila hata kimoja kuwa kimekosea.

PCR inavyofanya kazi

Mbinu hii ilibuniwa mwaka 1983 na Kary Mullis, mwanakemia wa kampuni ya Cetus huko California, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993. Msingi wake ni kwamba DNA ina nyuzi mbili zilizosokotana, na kila uzi hubeba habari za kutosha kuujenga mwenzake. Katika kichupa kidogo huwekwa sampuli iliyosafishwa, vipande viwili vifupi vya DNA vilivyotengenezwa maabarani na kuitwa praima, malighafi za kujengea DNA, na kimeng'enya kiitwacho polimerasi. Mashine hupandisha joto hadi karibu nyuzi 95 za Selsiasi ili nyuzi mbili za DNA ziachane, hulishusha hadi kati ya 50 na 65 ili praima zijishike pale zinapolingana na DNA ya kimelea, kisha hulipandisha tena hadi karibu 72 ili polimerasi ijenge uzi mpya kuanzia mahali praima ilipojishika. Nakala moja imekuwa mbili. Mzunguko wa pili hutoa nne, wa tatu nane, na baada ya mizunguko 30 iliyokwenda bila hitilafu nakala zimezidi bilioni moja. Polimerasi ya kawaida ingeharibiwa na joto hilo. Inayotumika asili yake ni Thermus aquaticus, bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone nchini Marekani aliyeelezwa mwaka 1969 na Thomas Brock na Hudson Freeze, watu ambao hawakuwa wakitafuta dawa wala kipimo cha ugonjwa wowote.

Virusi kama VVU, Ebola na korona hubeba RNA, kwa hiyo kwao huongezwa hatua ya mwanzo ya kuigeuza RNA iwe DNA. Mashine za siku hizi hupima pia mwanga unaoongezeka kadiri nakala zinavyoongezeka, na hivyo zinaweza kusema jibu limejitokeza katika mzunguko wa ngapi. Sampuli iliyojitokeza katika mzunguko wa 18 ilikuwa na virusi tele, na iliyojitokeza katika mzunguko wa 36 ilikuwa na vichache mno, kwa kuwa kila mizunguko mitatu na kitu ni tofauti ya mara kumi hivi.

Utendaji huo ndio unaoipa PCR nguvu yake na udhaifu wake. Huona kilicho kidogo sana, huona tu kile ambacho praima zake zilitengenezwa kukitafuta, na haiwezi kusema kama kimelea kilichoacha DNA hiyo ki hai au kilishakufa. Magonjwa yanayofuata hutofautiana kwa sababu kila moja linagusa mojawapo ya mambo hayo kuliko mengine.

Kifua kikuu: PCR kwanza, hadubini baadaye

Njia ya zamani ni kuyapaka makohozi juu ya kioo, kuyatia rangi, na kuwatafuta bakteria kwa hadubini. Robert Koch alitangaza ugunduzi wa bakteria huyo tarehe 24 Machi 1882, na kazi ya fundi wa leo bado ingetambulika machoni pake. Kipimo hiki ni nafuu na majibu hutoka siku hiyohiyo, lakini ili mpimaji aweze kuwaona, makohozi yanatakiwa kuwa na bakteria wapatao 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita. Katriji ya PCR, yaani kikasha kidogo cha plastiki, iitwayo Xpert MTB/RIF Ultra, inayoingizwa katika mashine ya GeneXpert, huweza kuwatambua wakiwa karibu 16 tu katika mililita, na jibu hupatikana kabla ya saa mbili kuisha. Umbali kati ya namba hizo mbili umejaa wagonjwa. Watu wanaoishi na VVU mara nyingi huwa na bakteria wachache katika makohozi ilhali ugonjwa umewaenea, na Uganda ni miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu kinachoambatana na VVU. Watoto nao hawatoi makohozi kwa urahisi. Kwao Ultra inaweza kufanywa kwa kinyesi, jambo ambalo hadubini haiwezi kulifanya kwa maana yoyote.

Kuna faida nyingine ambayo kwangu ina uzito kuliko hata hiyo. Katriji hiyohiyo husoma sehemu ya jeni iitwayo rpoB na kueleza kama bakteria wana usugu dhidi ya rifampisini, dawa iliyo nguzo ya matibabu. Hadubini haina namna ya kuona usugu, kwa maana bakteria sugu na asiye sugu wana umbo moja. Kabla ya Shirika la Afya Duniani kuidhinisha Xpert mwezi Desemba 2010, njia ya kawaida ya kujua usugu ilikuwa kuwaotesha bakteria maabarani, kazi inayoweza kuchukua wiki sita au zaidi, na katika wiki hizo mgonjwa humeza dawa ambayo pengine haimsaidii huku akiambukiza wa nyumbani kwake. Kuotesha hakujapitwa na wakati, kwani Ultra haisemi lolote kuhusu usugu dhidi ya isoniazidi wala dawa nyingine nyingi. Sampuli za namna hiyo hupelekwa katika Maabara ya Taifa ya Marejeo ya Kifua Kikuu jijini Kampala, ambayo tangu 2013 huhudumia pia nchi nyingine kama maabara ya marejeo ya kimataifa.

Hata hivyo, mgonjwa akishaanza dawa, mizani hugeuka. DNA ya bakteria waliokufa huendelea kutoka kwa muda mrefu, na PCR itaendelea kusema ndiyo kwa mtu anayepona vizuri. Ndiyo maana makohozi ya mwezi wa pili, wa tano na wa mwisho wa matibabu hupimwa kwa hadubini, na anayemlipia mgonjwa wake PCR ili ajue kama dawa zinafanya kazi atapata jibu la kumtia hofu bure. Tahadhari hiyohiyo inamhusu mtu aliyewahi kuugua miaka michache iliyopita na sasa anakohoa tena: jibu chanya dhaifu la Ultra, lile linaloandikwa kwamba kuna chembe tu za DNA, linaweza kuwa mabaki ya ugonjwa wa zamani, na daktari anapaswa kuambiwa historia hiyo kabla ya kusoma karatasi.

Kwa mgonjwa mwenye VVU aliyezidiwa na asiyeweza kutoa makohozi kuna kipimo cha mkojo kiitwacho LAM, ambacho hutoa jibu kitandani kwa dakika 25 hivi. Huwakosa wagonjwa wengi, lakini kwa mtu wa hali hiyo jibu chanya linatosha kuanzisha dawa leo bila kusubiri kesho.

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU

Hapa hakuna nafasi ya kuchagua, na ni vizuri wazazi waelewe kwa nini. Vipimo vya haraka vya VVU, ambavyo kwa watu wazima ni vya kutegemewa sana, hutafuta kingamwili. Mama hupitisha kingamwili zake kwa mtoto kupitia kondo la nyuma, nazo huweza kubaki katika damu ya mtoto hadi miezi 18. Mtoto wa wiki sita akipimwa kidole kwa kipimo cha haraka na jibu likawa chanya, kilichojulikana ni hali ya mama. PCR hutafuta kirusi chenyewe, kwa hiyo ndiyo inayomsema mtoto.

Utaratibu wa Uganda ni kupima kwa PCR mtoto anapofikisha wiki sita, kurudia akiwa na miezi tisa, kupima tena wiki sita baada ya kuacha kunyonya, na kufunga hesabu kwa kipimo cha haraka akiwa na miezi 18. Marudio hayo yapo kwa sababu jibu hasi la wiki ya sita halimkingi mtoto na maambukizi yanayoweza kupita katika maziwa baadaye. Jibu chanya la kwanza humwanzishia mtoto dawa mara moja huku sampuli ya pili ikienda kuthibitisha, kwa kuwa bila matibabu karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili, na vifo vingi hutokea katika miezi ya mwanzo kabisa.

Mzazi wa kijijini huuliza kama ni lazima asafiri hadi Kampala. Si lazima. Matone machache ya damu ya kisigino hudondoshwa juu ya kadi ya karatasi maalumu na kukaushwa, na damu iliyokauka namna hiyo husafiri bila barafu. Waendesha pikipiki wa mfumo wa kukusanya sampuli huzichukua kutoka vituo vya afya na kuzifikisha katika vituo vikuu, na kutoka huko zinaingia katika maabara kuu ya taifa iliyoko Butabika. Kinachogharimu muda ni safari na foleni, si PCR yenyewe, na ndiyo sababu mashine ndogo zinazotoa jibu kituoni siku hiyohiyo zina thamani kubwa popote zilipowekwa. Mzazi anayeweza kufika kwenye kituo chenye mashine hiyo afike.

Kwa mtu mzima anayetumia dawa za VVU, PCR hurudi kwa sura nyingine, yaani kuhesabu nakala za RNA ya virusi katika mililita ya damu. Kipimo hiki hugundua kushindwa kwa dawa mapema kuliko hesabu ya CD4, seli za kinga ambazo huanguka baada ya virusi kuwa vimeshazaliana kwa miezi kadhaa.

Malaria: kipimo cha haraka kinatosha

Kwa malaria, PCR ndiyo yenye macho makali kuliko vyote na bado si ya kuchagua. Mpimaji hodari wa hadubini huona vimelea wakiwa kama 50 katika mikrolita ya damu, kipimo cha haraka huwanasa wakiwa 100 hadi 200, na PCR huwatambua hata wakiwa mmoja au pungufu. Msomaji atauliza kwa nini basi tusiipendelee. Jibu liko katika maeneo kama Apac, ambako utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba mtu mmoja huumwa zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka na mbu wenye vimelea. Watu wazima wa sehemu hizo hujenga kinga inayowawezesha kubeba vimelea wachache bila kuumwa. Mmoja wao akija na homa ya nimonia, PCR itasema ana malaria, na itakuwa imesema kweli, lakini homa itaendelea kwa sababu kilichoileta hakikutibiwa. Hapo macho makali mno humpotosha daktari.

Baina ya kipimo cha haraka na hadubini, chaguo ni rahisi kidogo. Kipimo cha haraka hufaa kijijini, kwa wahudumu wa afya wa vijiji, na mahali pasipo na umeme. Vingi vyake hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya kupona, hivyo mtu aliyemaliza dawa wiki mbili zilizopita na homa ikamrudia apimwe kwa hadubini. Vilevile mgonjwa wa malaria kali aliyelazwa anahitaji hadubini, kwa sababu ndiyo inayohesabu vimelea na kuonyesha kama wanapungua. PCR ya malaria tuwaachie watafiti. Ndiyo waliyoitumia kusoma mabadiliko ya jeni ya kelch13 katika vimelea vya kaskazini mwa Uganda na kuonyesha, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, kwamba usugu dhidi ya artemisinini, msingi wa dawa za malaria za leo, umeanza kujitokeza huko.

Ebola, na swali la nani alitengeneza praima

Katika Ebola, PCR ndiyo inayothibitisha, na hakuna kipimo cha kidoleni cha kuishindanisha nayo. Kuna mambo mawili tu ya kuzingatia. Kwanza, sampuli iliyochukuliwa kabla ya siku tatu kupita tangu dalili zianze inaweza kutoa jibu hasi kwa mtu aliyeambukizwa, kwa kuwa virusi katika damu bado ni vichache. Mgonjwa wa namna hiyo hubaki ametengwa na hupimwa tena.

Pili, historia ya Uganda yenyewe inaonyesha mipaka ya praima kuliko kitabu chochote. Mwaka 2007, watu wa Bundibugyo walipoanza kufa kwa homa isiyojulikana, PCR mahususi kwa aina za Zaire na Sudan zilitoa majibu hasi, ilhali vipimo vya antijeni na kingamwili, ambavyo havichagui sana, vilionyesha kwamba ni Ebola. Ilikuwa aina mpya, na leo inaitwa kwa jina la wilaya hiyo. Mwaka 2022 ugonjwa ulipozuka Mubende, katriji ya Ebola ya mashine za GeneXpert zilizotapakaa nchini haikuwa na msaada, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya aina ya Zaire na huu ulikuwa wa Sudan. Utambuzi ulitegemea Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda iliyoko Entebbe, yenye PCR zenye praima za aina hiyo, na kabla ya mlipuko kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 11 Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuugua na 55 kati yao kufariki. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba kipimo cha PCR ni hasi ana haki ya kuuliza kilikuwa kipimo cha nini.

Mengine kwa ufupi

Homa ya matumbo ni mahali ambapo kliniki zetu nyingi huchagua vibaya. Kipimo cha Widal hutafuta kingamwili, na katika nchi ambayo watu wengi wamewahi kukutana na bakteria wa jamii hiyo, jibu chanya halina maana kubwa. PCR ya damu nayo haiokoi hali, kwa sababu mililita moja ya damu ya mgonjwa mara nyingi haina hata bakteria mmoja, na PCR haiwezi kunakili kisichokuwamo katika kichupa. Kuotesha damu nyingi kidogo, kabla mgonjwa hajameza antibiotiki, ndilo chaguo, ingawa nako huwakosa wagonjwa wasiopungua theluthi moja.

Kwa uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, kipimo cha DNA ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, ambacho aina zake nyingi ni PCR, humwezesha mwanamke kujichukulia sampuli mwenyewe. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani hukitanguliza mbele ya kupaka asidi asetiki na kuangalia kwa macho, na akipata jibu hasi anaweza kukaa miaka mitano hadi kumi kabla ya kurudia, au mitatu hadi mitano kama anaishi na VVU. Lakini njia ya kuangalia kwa macho humwezesha kutibiwa siku hiyohiyo, na kwa mwanamke ambaye hana hakika ya kurudi kuchukua majibu, ningeichagua hiyo bila aibu.

Korona ilitufundisha upande wa muda. Mwaka 2020 madereva wa malori walipanga foleni ndefu Malaba na Busia wakisubiri majibu ya PCR, ilhali kipimo cha antijeni, kilichokuja baadaye, hutoa jibu kwa nusu saa na huelekea kuwa chanya hasa katika siku ambazo mtu anaambukiza. PCR huweza kutoa jibu chanya hata kwa mtu aliyepona wiki kadhaa zilizopita.

Kabla ya kulipa

Bei ya katriji moja ya Ultra kwa nchi za kipato cha chini ilishushwa mwezi Septemba 2023 kutoka dola 9.98 hadi 7.97, na katika vituo vya serikali mgonjwa wa kifua kikuu hatakiwi kuilipia. Kabla ya kulipa popote pengine, ni busara kuuliza kama mashine iko hapo au sampuli itasafirishwa, maana kliniki nyingi hukusanya tu. Katriji hutakiwa kuhifadhiwa katika joto lisilozidi nyuzi 28 na mashine kufanya kazi pasipozidi 30, masharti ambayo Moroto mchana wa Februari hayatimii bila kiyoyozi na umeme wa uhakika. Damu ya PCR iingie katika kichupa chenye EDTA, si heparini (zote mbili huzuia damu isigande), kwa kuwa heparini huizuia polimerasi. Na karatasi ikirudi imeandikwa kwamba jibu ni batili, hilo si hasi: mashine imeshindwa kunakili hata kile kipande cha majaribio kilichowekwa ndani yake makusudi, kwa hiyo sampuli nyingine ichukuliwe.